Nyuzi za Kurithi: Mafunzo Niliyopata Nyuma ya Kaunta ya Santuri

Ijumaa ndiyo siku ya mzigo. Tangu Julai 2015, kampuni za muziki za nchi nyingi zilipoanza kutoa albamu mpya siku hiyo, duka la santuri ninakofanya kazi hapa Leeds, Uingereza, hufungua maboksi Alhamisi jioni, na kukicha rafu ya mbele imeshapangwa. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni roki ya magitaa kutoka bendi changa za lebo ndogo: vijana wanne, magitaa mawili, besi, drams, na sauti ya mtu aliyechoka kidogo. Karibu kila moja ina mzazi wake kwenye rafu za nyuma, zenye santuri za mitumba.

Mimi nimekulia Tanga, katika nyumba ilimopigwa muziki wa dansi asubuhi na jioni, kwa hiyo sikio langu lilizoea magitaa kabla halijamjua Mzungu yeyote. Haya niliyoyaandika hapa ni ya kaunta. Sikuyapanga kwa uzito.

1. Kibandiko cha kwenye kava hakisemi kilichochukuliwa

Lebo hupenda kubandika kikaratasi juu ya nailoni ya santuri mpya: kwa wapenzi wa Joy Division, kwa wapenzi wa Pavement, kwa wapenzi wa My Bloody Valentine. Mteja anakisoma, anaguna, anatoa kadi. Sina ugomvi nacho. Mshahara wangu unatoka humo humo. Ila kinamtaja mkopeshaji na kukaa kimya kuhusu kilichokopwa.

Interpol wa New York walipotoa Turn on the Bright Lights mwaka 2002, Joy Division walitajwa kila mahali, na kweli giza lilikuwepo na besi ilikuwa mbele. Fontaines D.C. wa Dublin walipotoa Dogrel mwaka 2019, jina hilo hilo nililisikia tena kaunta. Ziweke hizo mbili pamoja usikie. Interpol wamechukua hewa ya chumba, ule ubaridi wa studio. Fontaines wamechukua uhuru wa kuimba kwa lafudhi ya mtaa wao bila kuinyoosha, jambo ambalo ukilifuatilia litakufikisha kwa The Fall wa Manchester kabla halijakufikisha kwa Joy Division.

Siku hizi mteja akiniuliza wanafanana na nani, ninamjibu, halafu ninamwongezea swali ambalo hakuuliza: wamechukua nini hasa? Mlio? Mgawanyo wa kazi kati ya vyombo? Namna ya kutamka? Au koti tu? Wapo wa koti tu, na huwa ninawauza vizuri.

2. Kabla ya kuuliza kipaji, uliza bei ya gitaa

Somo hili nimelipata kwa mwenzangu wa dukani, mwenye Fender Jazzmaster ambalo hulileta siku wateja wakiwa wachache. Ni gitaa kubwa, zito, na swichi zake ni nyingi kuliko zinavyohitajika. Lilitoka mwaka 1958 likiwa juu ya Stratocaster kwa bei, na Fender walilenga wapiga jazz. Wapiga jazz wakalikataa. Vijana wa California waliokuwa wakipiga muziki wa ufukweni wakalipenda kwa muda, kisha fasheni ikapita. Kufikia miaka ya 1970 yalikuwa yamening'inia kwenye maduka ya mitumba na ya rehani kwa bei ya kutupa, na mwaka 1980 kampuni ikaacha kuyatengeneza.

Sasa jiulize, nani huingia duka la rehani kutafuta gitaa? Ni mtu mwenye hamu kubwa na mfuko mdogo. Tom Verlaine wa Television alikuwa nalo. Elvis Costello amepigwa picha nalo kwenye kava ya albamu yake ya kwanza ya 1977. Baada yao wakaja Sonic Youth wa New York, J Mascis wa Dinosaur Jr., na Kevin Shields wa My Bloody Valentine. Watu hawa hawakukutana kupanga sauti moja. Soko ndilo lililowapangia.

Gitaa lenyewe lina kasoro, na kasoro hizo zimo ndani ya nyimbo. Daraja lake limekaa vibaya: ukichapa kwa nguvu uzi huruka kutoka kwenye nafasi yake. Nyuma ya daraja kuna kipande kirefu cha uzi ambacho kwenye magitaa mengine hakipo au ni kifupi mno. Mwenzangu alikigusa kwa ukucha nikasikia mlio mwembamba, mkali, usio na noti inayotajika. Sonic Youth walikuwa wakipiga hapo hapo makusudi. Halafu kuna mkono wa chuma wa kutetemesha nyuzi. Shields huufumbata kiganjani muda wote huku mkono huo huo ukichapa, kwa hiyo kila kodi inalegea na kukaza, inalegea na kukaza, mpaka msikilizaji anahisi sakafu imeinama. Hiyo ndiyo Loveless, ya 1991. Nilipoona mwenzangu akifanya hivyo kwa amplifaya ndogo ya kufanyia mazoezi, nilielewa kwamba nusu ya kile nilichodhani ni mitambo ya studio kilikuwa kwenye kifundo cha mkono.

Leo Jazzmaster la miaka ya 1960 ni maelfu ya pauni. Bendi changa inayotaka mlio ule inaweka akiba kununua kitu ambacho wakubwa walikinunua kwa sababu hawakuwa na akiba. Ukweli ni kwamba yapo matoleo ya bei nafuu chini ya jina la Squier, moja likiwa limetengenezwa kwa jina la Mascis mwenyewe, na vijana wengi wa hapa mjini ninawaona na hayo. Hata hivyo ninapoisikia bendi mpya yenye mlio wa Loveless, swali la kwanza kichwani mwangu huwa ni jingine: hawa wangepiga nini kama wangechukua gitaa ambalo leo hakuna anayelitaka?

3. Shida ya mtu mmoja huwa staili ya watu mia

Peter Hook wa Joy Division alikuwa na vifaa duni, na gitaa la mwenzake Bernard Sumner lilikuwa na kelele. Hook akipiga noti za chini alikuwa hajisikii. Akapanda juu ya shingo ya besi, kwenye noti nyembamba, ili angalau ajisikie mwenyewe. Besi ikaanza kuimba melodi. Leo kijana mwenye amplifaya safi na spika za masikioni jukwaani hupanda juu kule kule, na hakuna anayemzidi kelele.

New Zealand nako ni hivyo hivyo. Roger Shepherd alianzisha lebo ya Flying Nun mjini Christchurch mwaka 1981, na mwaka huo huo The Clean walirekodi Boodle Boodle Boodle kwa mashine ya kurekodia ya mwanamuziki Chris Knox, ya njia nne tu. Njia nne zikijaa, zimejaa. Huongezi kinanda wala waitikiaji. Wimbo unabaki na mifupa yake. Pavement na Yo La Tengo kule Marekani walivutwa na mifupa hiyo, na kupitia kwao ikafika kwa nusu ya bendi ninazozipanga Ijumaa, ambazo sasa hutumia programu ya kompyuta yenye njia zisizo na kikomo kutafuta sauti ya njia nne.

Nilikuwa na nadharia nzuri kabisa hapa, kwamba shida ya kweli huzaa muziki wa kweli na shida ya kuigiza huzaa kopi. The Strokes wakaiharibu. Sauti ya Julian Casablancas kwenye Is This It ya 2001 ilipitishwa kwenye amplifaya ndogo ili isikike imechakaa, na huyu ni kijana ambaye baba yake aliasisi wakala wa wanamitindo wa Elite. Uchakavu wa kuchagua, mchana kweupe. Na albamu ni nzuri mno. Basi.

4. Sikiliza kwa sikio la mpiga rithimu

Mjomba wangu alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi za dansi Tanga na baadaye Dar es Salaam. Siku hizi muziki wake uko kwenye simu, na mimi ndiye ninayemtumia. Roki kwake ilikuwa kelele moja ndefu hadi siku nilipomtumia "Marquee Moon" ya Television, wimbo wa mwaka 1977 wa karibu dakika 10. Ujumbe wa sauti ulirudi usiku.

"Mpwa wangu, hawa wamefundishwa na nani? Huyu wa kwanza anapiga kipande kidogo, hakibadilishi. Wa pili anamjibu pale anaponyamaza. Ukimtoa mmoja wimbo umekufa. Hao wamefanya mazoezi, baba, hao hawakukutana jukwaani."

Hakuwajua wapiga gitaa hao, Tom Verlaine na Richard Lloyd, na wao, nijuavyo mimi, hawakuwa wakisikiliza dansi. Lakini alichokisikia ni kitu anachokijua kwa mikono yake. Katika bendi zake solo ina kazi yake, solo ya pili ina kazi yake, rithimu ina kazi yake, na kila kipande ukikipiga peke yako chumbani hakina maana. Anayesikiliza roki kwa kumsubiri mpiga solo atoe maonyesho hukosa kabisa kinachoendelea pale.

Tangu hapo nilianza kutafuta deni kwenye mgawanyo wa kazi, nikaacha kidogo kulitafuta kwenye mlio. Matokeo yake yalinishangaza. Alvvays wa Toronto wana wimbo unaoitwa "Tom Verlaine" kwenye Blue Rev, albamu ya Oktoba 2022. Verlaine mwenyewe alifariki Januari iliyofuata. Ninaupenda wimbo huo, lakini magitaa yake yamejaa ukungu wa My Bloody Valentine, hakuna mazungumzo ya Television. Jina limetoka kwa mmoja na sauti kwa mwingine. The Strokes kwa upande wao wana Nick Valensi na Albert Hammond Jr. wanaopokezana vipande kama Mjomba alivyoeleza, na humo ndimo Television wamo hasa.

Leeds nayo ina wake. Gang of Four walitokea chuo kikuu cha hapa, na Entertainment! ya 1979 ni albamu ambayo wazee wanaokuja dukani huiongelea kama mali ya ukoo. Andy Gill, aliyefariki Februari 2020, hakupenda amplifaya za valvu zenye joto. Alitaka mlio mkavu, wenye kona. Nilimtumia Mjomba. Akacheka sana. "Huyu anapiga kama mtu anayelipia kila uzi." Ni kweli: Gill anachapa mara mbili, ananyamaza, anaiacha besi itembee, anachapa tena upande usioutegemea. Ukimya ule ndio uliokopwa na Franz Ferdinand wa Glasgow mwaka 2004, na bado unakopwa. Yard Act, vijana wa hapa hapa ambao albamu yao The Overload ilifika namba 2 Uingereza Januari 2022, mara nyingi hufananishwa na The Fall kwa sababu mwimbaji anaongea zaidi kuliko anavyoimba. Wape sikio la rithimu. Utakuta nafasi tupu za Gill ziko kila mahali.

5. Subiri albamu ya pili

Horsegirl ni wasichana watatu wa Chicago. Matador iliwachukua wakiwa wadogo sana, na albamu yao ya kwanza, Versions of Modern Performance, ikatoka Juni 2022. Hakuna aliyeficha kitu. Ilirekodiwa Electrical Audio, studio ya marehemu Steve Albini, na John Agnello, mtu aliyewahi kufanya kazi na Dinosaur Jr. na Sonic Youth. Lee Ranaldo na Steve Shelley wa Sonic Youth wenyewe wamepiga humo ndani. Mlio ni mzito, magitaa yanakwaruzana, sauti za waimbaji zimezama. Baadhi ya wateja wangu wa umri wa makamo waliishika kwa mapenzi makubwa, wengine waliirudisha rafuni wakisema tayari wanazo hizo nyumbani, tena za asili.

Mimi nilikuwa upande wa wale wa pili, ingawa kwa sauti ya chini.

Februari 2025 ikaja Phonetics On and On. Kikwaruzo kimeondolewa. Prodyuza ni Cate Le Bon wa Wales, na studio ni ya Wilco pale pale Chicago. Magitaa ni masafi, noti moja moja, violini ikiingia bila kujinyoosha, waimbaji wakirudia silabi zisizo maneno. Kuna sehemu mpiga drams anapiga kidogo mno hadi unamsubiri. Wazee wamo bado. Ukitaka unaweza kuwataja The Velvet Underground, The Raincoats na Young Marble Giants, na hutakuwa umekosea. Lakini safari hii nikiuliza wamechukua nini, jibu ni gumu zaidi. Ninachosikia ni ujasiri wa kuacha vitu nje. Huwezi kuununua dukani kwetu wala kuukodi pamoja na studio.

Geese wa Brooklyn wamepita njia inayofanana na hiyo kwa fujo zaidi. Projector, ya 2021, waliirekodi wakiwa bado wanamaliza sekondari, na magitaa yake yanayosukana ungeweza kuyapangia rafu ukiwa umefumba macho. 3D Country ya 2023 ikageukia roki ya zamani na muziki wa kantri. Getting Killed ilipofika Septemba 2025 nilijikuta ninaandika kikaratasi cha mapendekezo na kukifuta, kwa sababu kila jina nililoliandika lilikuwa kweli kwa dakika moja tu ya wimbo.

Kwa hiyo albamu ya kwanza siku hizi ninaichukulia kama kijana anayejitambulisha kwa ukoo wake: mimi ni mtoto wa fulani. Ni adabu, na inatosha kwa siku ya kwanza.

6. Mahakama huhesabu kinachohesabika

Kuna madeni yenye hati. Elastica wa London walitoa "Connection" mwaka 1994, na mwanzo wake ulikuwa ni wa "Three Girl Rhumba" ya Wire, kutoka Pink Flag ya 1977, albamu yenye nyimbo 21 katika dakika kama 35. Upande wa The Stranglers nao walikuwa na malalamiko yao kuhusu wimbo mwingine. Yote yakamalizwa nje ya mahakama kabla albamu ya Elastica haijatoka Machi 1995, nayo ikaenda moja kwa moja hadi namba 1. Pink Flag na Elastica ninaziweka jirani makusudi. Anayenunua moja hurudi kwa nyingine.

Kisa cha The Verve ni kirefu zaidi na kinaniuma zaidi. "Bitter Sweet Symphony" ya 1997 ilitumia kipande cha okestra ya Andrew Loog Oldham ikipiga wimbo wa Rolling Stones uitwao "The Last Time". Mzozo ulipoisha, mwimbaji wao Richard Ashcroft alikuwa amepoteza haki za utunzi kwa Jagger na Richards, na hakuzipata tena hadi 2019, wao wenyewe walipoziachia. Sasa angalia: zile fidla ambazo kila mtu anazijua zilipangwa na David Whitaker, na huwezi kuzisikia ukipiga rekodi ya Stones wenyewe. Na Stones nao waliuchota wimbo huo kutoka wimbo wa kanisani uliokuwa umerekodiwa na The Staple Singers miaka ya 1950. Deni lilipita mikono yote hiyo, malipo yakaishia kwa mwenye karatasi.

Wengine huchagua kutokwenda huko. Tom Petty alipoulizwa kuhusu The Strokes, ambao mwanzo wa "Last Nite" ni ndugu wa damu wa "American Girl" yake, alisema walikiri na yeye akacheka tu. Mwaka 2006 walitumbuiza kabla yake kwenye ziara yake. Mwaka 2021 watu walimlalamikia Elvis Costello kwamba Olivia Rodrigo ameuchukua mdundo wa "Pump It Up". Costello akajibu kwamba hana neno, ndivyo roki inavyokwenda, na akataja wimbo wa Bob Dylan ambao yeye mwenyewe aliukopa na ule wa Chuck Berry ambao Dylan aliukopa.

Lakini ona aina ya vitu vinavyofikia wanasheria: melodi, maneno, kipande cha rekodi. Mark E. Smith wa The Fall aliwasema Pavement kwa ukali hadharani kuhusu walichochukua kwake, na huenda alikuwa na haki. Walichukua mkao, dharau ile ya kuimba nusu na kuongea nusu. Hakuna hakimu wa kumsomea shitaka hilo.

7. Anayetaja deni lake mapema hupumzika

Hili ni fupi. Wednesday wa Asheville, North Carolina, mwaka 2022 walitoa albamu nzima ya nyimbo za watu wengine, Drive-By Truckers wakiwamo, na mwaka uliofuata wakatoa Rat Saw God, yao wenyewe. Mpiga gitaa wao MJ Lenderman akatoa Manning Fireworks mwaka 2024, na kila mtu akamtaja Neil Young. Sijamsikia mteja hata mmoja akilalamika. Walishasema wenyewe.

8. Vijana huwafufua wazee, na pesa hufuata

Slowdive wa Reading walifukuzwa na lebo ya Creation mwaka 1995. Waandishi wa muziki wa Uingereza walikuwa wamewacheka kwa miaka. Albamu zao tulikuwa tukiziuza kwa bei ya chai. Halafu bendi changa, kwanza Marekani kisha kwingine, zikaanza kuiga ukungu wao. Slowdive wakarudi jukwaani 2014. Baadaye mabinti wa miaka 17 wakaanza kuutumia ukungu huo kwenye video zao za simu, na everything is alive ya Septemba 2023 ikaingia kumi bora ya Uingereza, jambo ambalo ujanani hawakulipata. Ukiniuliza nani amefaidika na kuigwa kule, nitakuonyesha safu ya wazee wenye mvi wakipiga mbele ya wajukuu wa mashabiki wao wa kwanza.

Pavement nao. "Harness Your Hopes" ulikuwa wimbo wa ziada, ulioachwa nje ya albamu ya 1997 na kutoka 1999 kwenye rekodi ndogo. Kanuni za Spotify zikawa zinaupachika kila wimbo mwingine unapoisha, mpaka ukawa wimbo wao unaosikilizwa kuliko yote. Beabadoobee wa London alikuwa ameshatoa wimbo wa kutamani kuwa Stephen Malkmus, mwimbaji wa Pavement, mwaka 2019. Sasa vijana hunijia wakitaka Pavement kwa sababu wanafanana na Beabadoobee, na mimi siwasahihishi.

9. Uliza pia nani hakutajwa

Vampire Weekend, wahitimu wanne wa Chuo Kikuu cha Columbia, walitoa albamu yao ya kwanza Januari 2008. Mna wimbo "Cape Cod Kwassa Kwassa". Sisi kwetu kwasakwasa hatuhitaji kuelezwa: ni Kinshasa ya miaka ya 1980, ni Kanda Bongo Man, ni harusi za utotoni. Nilimtumia Mjomba bila maelezo.

"Solo naijua," akasema. "Mbona sebene haifiki?"

Haifiki. Wimbo unaisha wakati bendi ya Kinshasa ingekuwa ndiyo kwanza inaanza. Siwalaumu sana, walau ngoma wameitaja kwenye jina la wimbo. Lakini jina la ngoma si jina la mpiga gitaa, na wapiga gitaa waliounda mlio ule hawakuandika hati ya staili yao, kwa hiyo wako kwenye kundi moja na Mark E. Smith, tofauti ni kwamba wao hakuna mwandishi wa London aliyewapigia simu kuuliza wanaonaje. Nyumbani tulikuwa na namna yetu ya kuhesabu. Wanamuziki kadhaa walipotoka Simba Wanyika mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika, jina lenyewe lilibeba ukoo; huhitaji kibandiko kujua walikotoka.

Albamu ninayowapa wanaoniuliza kuhusu Vampire Weekend ni Ok-Oyot System ya Extra Golden, iliyotolewa 2006 na Thrill Jockey ya Chicago. Ian Eagleson alikwenda Kenya kufanya utafiti wa benga kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu. Mwenzake wa bendi ya roki, Alex Minoff, akamfuata. Wakarekodi Nairobi mwaka 2004 pamoja na Otieno Jagwasi na wenzake. Jagwasi alifariki kabla albamu haijatoka. Wote wameandikwa kama bendi moja, na magitaa ya roki na ya benga yanapokezana kwa namna ambayo Mjomba aliisikiliza hadi mwisho bila kusema neno, kisha akaomba nimtumie tena. Kwenye albamu ya pili, Hera Ma Nono ya 2007, mna wimbo wa kumshukuru seneta Barack Obama, ambaye ofisi yake ilisaidia viza za wanamuziki wa Kenya zipatikane ili wakapige Chicago.

Tunayo nakala moja ya mtumba. Bosi huiweka kwenye rafu ya muziki wa dunia, upande wa ngazi. Mimi huihamishia roki, herufi E, ikawa bega kwa bega na The Fall. Nikirudi baada ya siku zangu za mapumziko ninaikuta imerudishwa kwenye ngazi. Yeye anasema wanunuzi wake huanzia kule. Mimi ninasema hawawezi kuanzia kwenye roki kama haijawahi kukaa huko wiki nzima. Hatujaafikiana.